Kamera Mbili, Mfuko Mmoja

Katika nyumba nyingi siku hizi lipo neno linalozungumzwa baada ya chakula cha jioni, nalo ni neno la kamera. Kijana amemaliza masomo, ajira haijapatikana, na amewaona wenzake wakijipatia riziki kwa kupiga picha za harusi, za mahafali, za kipaimara na za maulidi. Mama amepokea zamu yake ya upatu. Baba ameahidi kuongeza kilichopungua atakapouza mazao. Fedha zikishakusanyika, ndipo huja swali ambalo wengi hulijibu kwa haraka na kulijutia kwa muda mrefu: tununue kamera ipi?

Swali hili si dogo. Fedha ya familia ikishatoka mfukoni hairudi kwa urahisi, na kamera isiyofaa kwa kazi iliyokusudiwa huishia kabatini ikisubiri mtu wa kuinunua kwa nusu ya bei. Tena, mpiga picha hana nafasi ya kurudia. Bibi arusi haingii ukumbini mara ya pili, wala mwanafunzi hapandi tena jukwaani kupokea cheti, kwa sababu tu kamera ilishindwa kumwona vizuri mara ya kwanza.

Kwa hiyo leo nataka mimi nawe tuziweke mezani kamera mbili za daraja la kuanzia, tuzilinganishe kwa utulivu kabla fedha haijahesabiwa. Zote mbili zatengenezwa na kampuni ya Canon ya Japani. Moja ni EOS R50, iliyotangazwa mwezi Februari 2023. Nyingine ni EOS R100, iliyotangazwa mwezi Mei mwaka huo huo. Nimezichagua hizi kwa sababu ni ndugu wa nyumba moja. Zinatumia lenzi za aina moja, betri ya aina moja, na picha zake zina ukubwa unaokaribia kuwa sawa. Panapokuwa na mambo mengi yanayofanana, tofauti ya bei huonekana wazi kuwa ni malipo ya kitu gani. Ukishajua kuzipima hizi, utaweza kuzipima za Nikon, za Sony na za Fujifilm kwa mizani hiyo hiyo.

Kwanza namba isikudanganye. Mtu akisikia R50 na R100 hudhani kuwa mia ni kubwa kuliko hamsini, na kwamba muuzaji anayempa R100 kwa bei ndogo anampa zawadi. Sivyo. Kwa kampuni hii, katika safu hii, namba ikipanda daraja hushuka. R100 ndiyo kamera ya chini kabisa katika ukoo wake, na R50 iko ngazi moja juu yake.

KIOO KILICHOONDOKA

Wasomaji wengine watauliza: hizi kamera ziitwazo zisizo na kioo ni kitu gani? Jibu lake si gumu. Katika kamera kubwa za zamani, zile walizovaa shingoni waandishi wa habari na wapiga picha wa mitaani, nyuma ya lenzi palikuwa na kioo kilicholala mshazari. Kioo hicho kilirusha mwanga juu, ukapita katika vioo vingine, hadi ukafika kwenye jicho la mpiga picha. Alipobonyeza kitufe, kioo kiliruka juu ili mwanga uende nyuma, ukaangukie filamu. Ule mlio wa “klak” tulioujua sote ulitokana kwa sehemu kubwa na kuruka kwa kioo hicho.

Filamu ilipoachia nafasi kwa kihisi cha kielektroniki, mafundi waliona kwamba kioo hakihitajiki tena. Kihisi chenyewe kinaweza kuona muda wote na kupeleka picha kwenye skrini, au kwenye skrini ndogo sana iliyofichwa ndani ya kitundu cha kuchungulia. Mwaka 2008 kampuni ya Panasonic ilitoa Lumix G1, kamera iliyofungua njia kwa jamii hii mpya ya kamera za kubadilisha lenzi. Canon ilileta yake ya kwanza, EOS M, mwaka 2012, na mwaka 2018 ikaanzisha safu ya EOS R ambamo kamera zetu mbili za leo zimezaliwa.

Faida ya kuondoka kwa kioo ni mbili. Kamera imekuwa ndogo na nyepesi: R50, pamoja na betri na kadi yake, ina uzito wa gramu 375 hivi, na R100 ni gramu 356 hivi. Pili, unachokiona kabla ya kubonyeza kinakaribiana sana na picha utakayoipata. Ikiwa picha itakuwa ya giza, utaiona giza lake mapema na kuirekebisha. Kwa mwanafunzi wa kazi hii, hilo ni kama kuwa na mwalimu ndani ya kamera.

Hasara yake ni betri. Kamera ya kioo ilimwonyesha mtu dunia bila kutumia umeme. Hii mpya hula umeme kila dakika unayoitazama. Kamera zetu zote mbili hutumia betri ndogo iitwayo LP-E17. Betri moja haitoshi kwa sherehe inayoanza kanisani asubuhi na kumalizika ukumbini usiku wa manane. Unapopanga fedha, ihesabu betri ya pili kuwa ni sehemu ya kamera.

YANAYOFANANA

Tuanze na yale ambayo ndugu hawa wawili wamerithi sawasawa, kwa kuwa hayo hayapasi kukupotezea usingizi.

Kila moja ina kihisi chenye takriban megapikseli 24, na ukubwa wa kihisi hicho ni ule uitwao APS-C, yaani milimita 22 hivi kwa 15. Eneo hilo ni kubwa mara kadhaa kuliko kihisi cha simu za kawaida, na ndiyo sababu ya msingi ya kununua kamera kwa mtu ambaye tayari ana simu. Megapikseli 24 zatosha kusafisha picha ya kutundika ukutani sebuleni. Mtu akikuambia kuwa kamera moja kati ya hizi ina picha kubwa kuliko mwenziwe, anakupotezea wakati.

Zote zina kitundu cha kuchungulia. Usilidharau jambo hili. Katika jua letu la saa sita, skrini ya nyuma hufifia hadi mtu asione anapiga nini. Hapo kitundu cha kuchungulia ndicho mkombozi. Zipo kamera nyingine za daraja hili, kama Nikon Z30 na Sony ZV-E10, ambazo hazikupewa kitundu hicho, kwa kuwa zilitengenezwa hasa kwa watu wanaojirekodi wenyewe. Ni kamera nzuri kwa kazi yake, lakini mwenye kupiga mahafali uwanjani azitazame mara mbili.

Zote zina flashi ndogo ya ndani. Zote zina tundu la kuchomekea kinasa sauti cha nje. Zote zina nafasi moja tu ya kadi, maana yake kadi ikiharibika hakuna nakala ya pili, na harusi ya watu imepotea. Mpiga picha mwangalifu huhamishia picha kwenye kompyuta usiku ule ule, kabla ya kulala. Zote mbili hazina mtambo wa ndani wa kutuliza mtikisiko wa mkono; kazi hiyo imeachiwa lenzi. Wala hazikuzibwa dhidi ya mvua na vumbi, kwa hiyo mfuko wa kuzihifadhi si pambo.

YANAYOTENGANA

Sasa tufike penye tofauti, ambapo mia moja na hamsini zinaachana njia.

Ya kwanza ni skrini. Skrini ya R50 inafunguka kwa pembeni, inageuzwa juu na chini na hata kumtazama anayepigwa, tena inaguswa kama ya simu: unaonyesha kwa kidole uso unaoutaka, na kamera inaulenga. Skrini ya R100 imekazwa mgongoni, haigeuki, na haiguswi. Vijana waliozaliwa na simu mkononi watakuwa wakiibonyeza kwa siku kadhaa kabla ya kukubali kwamba haisikii, na kwamba kila jambo lafanywa kwa vitufe. Ukumbini, watu wanaposonga mbele kumwona bibi arusi akikata keki, mwenye R50 ataiinua kamera juu ya vichwa na kuigeuza skrini imtazame. Mwenye R100 atainua na kubahatisha, au atatafuta kiti cha kusimamia.

Ya pili ni kulenga. Zote zinajua kutafuta uso na jicho la mtu. Lakini R50 ina mfumo mpya zaidi, unaomshika mtu na kumfuata anapotembea, na unaotambua pia wanyama na magari. R100 imepewa mfumo wa kizazi kilichotangulia. Kwa mtu aliyesimama au anayetembea polepole itafanya kazi vizuri. Kwa mtoto anayekimbia kuja kwako, itakosa mara nyingi zaidi.

Ya tatu ni kasi. R50 hupiga hadi picha 12 kwa sekunde, na 15 ikitumia shata ya kielektroniki. R100 hupiga 6.5 kwa sekunde ikiwa imeshalenga mahali pamoja, na hushuka hadi 3.5 hivi inapolazimika kumfuata anayekwenda. Kwa mpira wa miguu tofauti hiyo ni kubwa. Kwa picha za pasipoti haina maana yoyote.

Ya nne ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni video. R50 hurekodi video ya daraja la 4K kwa kutumia upana wote wa kihisi, hadi fremu 30 kwa sekunde, na mfumo wake bora wa kulenga unaendelea kufanya kazi. R100 nayo imeandikwa 4K kwenye kasha lake, lakini isome habari yote. Inapoingia katika 4K, R100 hukata kingo na kutumia sehemu ya katikati tu ya kihisi, hivyo kila kitu huonekana kimesogezwa karibu na chumba kidogo huwa kidogo zaidi. Tena huacha ule mfumo wake mzuri wa kulenga na kurudi kwenye mfumo wa zamani, unaosita na kuyumba kabla ya kupata. Kwa kweli, mwenye R100 atarekodi video katika daraja la chini yake, la HD kamili, ambako kamera hiyo hufanya kazi kwa adabu. Ikiwa kijana wako anakusudia kurekodi video za kwaya au kaswida, au masomo ya kufundishia, jambo hili peke yake latosha kuamua kesi.

Yapo na madogo. R50 inaweza kupandishwa hadi kiwango cha 32000 katika kukuza mwanga hafifu, na R100 hadi 12800. Lakini huko juu kabisa picha za zote mbili hujaa chenga, na mtu mwenye kujali kazi yake hatapenda kufika huko. R50 ina kikalio kipya cha flashi juu ya kichwa chake, na baadhi ya flashi za zamani huhitaji kiunganishi maalumu ili zikubali kukaa. Ikiwa tayari unayo flashi, usiiache nyumbani siku ya kwenda dukani, kamera iwe ni ipi.

Kwa hesabu ya mambo haya, mtoto mdogo angeweza kutoa hukumu: R50 ni bora. Ndivyo, na sibishani. Lakini mwenye mfuko mmoja hajiulizi tu kipi ni bora. Anajiuliza pia: tofauti ya bei, nikiitumia mahali pengine, itanifanyia nini?

MAHALI AMBAPO FEDHA HUFANYA KAZI

Tazama sasa hesabu hii. Zilipotangazwa huko Marekani mwaka 2023, R50 pamoja na lenzi yake ya kuanzia iliuzwa kwa dola 799.99. R100 pamoja na lenzi ile ile iliuzwa kwa dola 599.99. Tofauti ni dola 200. Bei za madukani kwetu hazitakuwa hizo, kwa sababu ya nauli, ushuru, thamani ya shilingi na tamaa ya muuzaji. Lakini chukua tofauti hiyo uishike mkononi kwa muda mfupi.

Lenzi inayokuja na kamera hizi huitwa RF-S 18-45. Ni nyepesi, inavuta karibu na kurudisha mbali, na ina mtambo wa kutuliza mtikisiko. Mchana nje ni lenzi ya kutosha kabisa. Udhaifu wake uko katika tundu lake, mahali mwanga unapoingilia. Tundu la lenzi hupimwa kwa namba, nayo ni kinyume na unavyodhani: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi hii ikivutwa karibu hadi mwisho wake, namba ya tundu ni 6.3. Hilo ni tundu dogo, mfano wa mtu anayetaka kujaza pipa kwa mrija wa soda.

Sasa ipo lenzi nyingine, RF 50mm yenye namba ya tundu 1.8, ambayo Canon iliitoa mwaka 2020 kwa dola 199.99. Haivuti wala hairudishi. Ukitaka mtu awe mkubwa katika picha, sogea. Lakini tundu lake linaingiza mwanga mara 12 hivi kuliko ile ya kwanza iliyovutwa hadi mwisho. Tulete jambo hili ukumbini. Taa ni hafifu, maharusi wanacheza. Kwa lenzi ya kwanza kamera inataka kufungua shata kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na katika muda huo maharusi wamekwisha kusogea. Picha inakuwa ukungu. Mtambo wa kutuliza mtikisiko hausaidii hapa, maana unatuliza mkono wako tu, hautulizi miguu ya wanaocheza. Kwa lenzi ya pili, katika taa zile zile, shata inafunguka kwa sehemu ya mia na ishirini na tano ya sekunde au karibu yake, na tabasamu la bibi arusi linakaa mahali pake.

Umeona, ndugu msomaji, tulikofika. Tofauti ya bei kati ya kasha la kwanza na kasha la pili ni bei ya lenzi hiyo. Kwa fedha ile ile, familia inaweza kurudi nyumbani na R50 yenye lenzi ya kuanzia, au na R100 yenye lenzi ya kuanzia pamoja na lenzi ya usiku. Aliyeshika kamera ya chini kwa lenzi bora atarudi ukumbini na picha za mnato zilizo safi kuliko aliyeshika kamera ya juu kwa lenzi ya kuanzia. Mwili wa kamera hutusaidia kuishika picha. Lenzi na mwanga ndivyo vinavyoitengeneza.

Wazee wa kazi hii walilijua hilo bila skrini wala megapikseli. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar, na picha za nyumba hiyo zimehifadhi sura na mavazi ya watu wa visiwani kwa vizazi. Mpiga picha wa studio wa enzi hizo hakuwa na kamera inayotafuta jicho la mtu. Alikuwa na lenzi, alikuwa na taa, na alijua ziwekwe wapi.

Nisiifanye lenzi hiyo kuwa malaika. Katika kihisi cha ukubwa huu, 50mm huona finyu, sawa na 80mm katika filamu ya zamani. Ni nzuri kwa uso wa mtu na kwa watu wawili, lakini ukoo mzima hauingii, isipokuwa ukirudi nyuma hadi ukutani. Tena, tundu likiwa wazi kabisa, jicho linaweza kuwa safi na sikio likawa ukungu. Kwa watu watatu au wanne waliopishana hatua, punguza tundu. Kwa kundi kubwa rudi kwenye lenzi ya kuanzia na umulike kwa flashi ya nje iliyoelekezwa darini. Ile flashi ndogo ya ndani iache. Huwapausha walio mbele na kuwatia weusi walio nyuma.

Njia nyingine ya kubana matumizi ni lenzi za mitumba. Canon ilianzisha lenzi za aina ya EF mwaka 1987, na zimeuzwa nyingi sana. Kwa kiunganishi kiitwacho EF-EOS R, lenzi hizo hukaa juu ya R50 na R100 na kuendelea kulenga zenyewe. Na tangu mwaka 2024 kampuni ya Sigma nayo inauza lenzi kwa ajili ya ndugu hawa, mojawapo ikiwa ni 18-50 yenye namba ya tundu 2.8, ambayo huvuta na pia hupokea mwanga. Bei yake iko juu ya hiyo ya 50mm, lakini ni vema kuijua kwa siku za mbele. Jihadhari na jambo moja: kamera za ukoo wa zamani wa EOS M, kama ile M50, bado zinauzwa mitumba kwa bei ya kuvutia. Canon iliufunga ukoo huo mwaka 2023, na lenzi zake hazikai kwenye kamera hizi mpya. Anayenunua M50 leo anunue akijua kwamba anaingia nyumba isiyojengwa tena.

NANI ACHUKUE IPI

Kupanga ni kuchagua, nasi tumekwisha kupanga. Tuchague.

Ikiwa kazi iliyokusudiwa ni picha za mnato, yaani pasipoti, harusi, mahafali, picha za familia nyumbani kwao, na fedha ina kikomo, chukua R100, na tofauti ya bei usiipeleke mahali pengine popote ila kwenye lenzi ya 50mm na betri ya pili. Sharti ni hilo. Anayechukua R100 kisha akaitumia tofauti kwa viatu, amenunua kamera ya chini na kubaki chini.

Ikiwa kazi ni video, au nusu picha nusu video, usijaribu kuokoa. Chukua R50. Hapo rahisi ni ghali kweli kweli, maana video inayoyumba hairekebishwi na lenzi wala maombi. Anza na lenzi ya kuanzia, fanya kazi za mchana, na fedha za kwanza zinunue kinasa sauti, kisha lenzi.

Ikiwa kamera ni ya nyumbani tu, kwa ajili ya watoto wadogo, R50 itakufurahisha zaidi kwa kuwa watoto hawatulii. Lakini jiulize kwanza kama simu uliyo nayo imeshindwa kazi hiyo. Nyumba nyingi zina picha elfu tatu ndani ya simu, na ukutani hamna hata moja. Fedha ya kusafisha picha ishirini nzuri na kununua albamu ni ndogo sana kuliko ya kamera yoyote.

Na anayeweza kuimudu R50 pamoja na lenzi ya pili bila kukopa, makala haya hayana ugomvi naye. Nazungumza na yule ambaye kila shilingi elfu kumi ina jina. Huyo namshauri jambo moja zaidi kabla ya kwenda dukani. Achukue karatasi, aandike bei ya vyote: kamera, lenzi, betri ya pili, kadi mbili, mfuko. Kisha aandike kiasi kinachobaki mkononi baada ya nauli na gharama katika kazi moja ya mtaani kwake, si anachokitamani bali wanacholipwa wenzake. Agawe. Tuseme jibu ni kazi thelathini. Na ajiulize kwa dhati ana matumaini ya kuzipata kazi thelathini kwa muda gani. Ikiwa jibu ni miaka mitatu, aanze kwa kuazima au kukodi kamera, awe msaidizi wa aliyetangulia, ajifunze mwanga kwanza.

SIKU YA KUNUNUA

Siku ya kwenda Kariakoo au kwenye duka lolote, nendeni wawili, na mmoja awe ndiye atakayeitumia kamera. Beba kadi yako ya kumbukumbu. Mwombe muuzaji akuruhusu kupiga picha chache: ya mtu anayetembea kuja kwako mlangoni, na ya mtu aliyekaa kwenye kona yenye giza. Zitazame kwa kuzikuza, usizitazame kwa umbo dogo la skrini, ambamo kila picha ni nzuri. Fungua kasha lote. Hakikisha betri, chaja, mkanda na lenzi vimo, na kwamba namba iliyo chini ya kamera inalingana na iliyo kwenye kasha. Uliza dhamana ni ya nani: ya mtengenezaji, au ni ya maneno ya muuzaji? Dhamana isiyoandikwa ni salamu tu. Chukua risiti, uitunze pamoja na hati za nyumba.

Ukiambiwa kuwa bei hii ni ya leo tu, kesho itapanda, jibu kwa upole kwamba utarudi kesho. Tangu mwaka 2023 kamera hizi hazijaenda popote, na haraka ya muuzaji si haraka yako.

Ndugu msomaji, mtaani hakuna atakayekuuliza namba ya kamera yako. Watakuja na picha ulizompiga jirani, wakiziinua mbele ya macho yao, nao watakuajiri au watapita. Nunua kwa ajili ya picha hizo.

Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.